Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Manispaa ya Kigoma Ujiji: tupimeni kwa mashine, si kwa risiti

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: OMBI LA KUPIMWA UJUZI WAOSHAJI WA MASHINE ZA PRESHA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mtu wa presha. Ninaosha magari, pikipiki, bajaji, malori yanayoingia mjini kutoka Manyovu na yale yanayosubiri mzigo wa Kongo bandarini. Siku hizi ninaitwa pia kuosha kuta, mapaa, vibaraza vya nyumba za wageni na sakafu za vituo vya mafuta. Leseni ya biashara ninayo, imelipiwa, na imetundikwa mahali ambapo afisa biashara anaiona kabla hajaketi. Sina ugomvi nayo. Ninachouliza ni hiki: katika karatasi ile nzima, ni mstari gani unaosema kwamba ninaijua kazi hii? Hakuna. Mwenzangu aliyenunua mashine jana jioni na kuiwasha leo asubuhi anapata karatasi ile ile kwa ada ile ile. Mteja hana namna ya kututofautisha mpaka gari lake liharibike.

Ninaomba manispaa ianze kutupima. Najua wapo wenzangu watakaonikasirikia, kwa sababu kila jambo jipya lililotufikia kutoka ofisini lilikuja na namba ya malipo. Ndiyo maana sikuipitisha barua hii masijala. Nataka waisome pia waoshaji wa Mwanga, Gungu, Kibirizi na Ujiji, waone ninaomba nini na siombi nini.

Nianze na mashine yenyewe, maana sidhani kama wanaopanga ada wamewahi kuishika ikiwa imewashwa. Maji ya bomba la nyumbani, hata siku yanatoka vizuri, yana msukumo wa bar chache tu (bar ni kipimo cha msukumo). Mashine ndogo ya umeme, ile ya kubeba kwa mkono mmoja, inatoa bar 100 na zaidi. Zile za petroli zenye pampu ya pistoni tatu zinafika bar 200 na nyingine zinavuka. Wanaotibu majeraha ya aina hii wanasema bar 7 hivi zinatosha maji kupenya ngozi ya mtu. Sasa mtazame kijana aliyevaa kandambili, amemaliza kuosha Fuso, anajigeuzia bunduki ya maji miguuni kujitoa tope. Wanafanya hivyo kila siku, ni mzaha wa kazini. Tajiri wake yupo pale pale anahesabu hela na haoni kitu cha kukemea.

Jeraha lenyewe ni la hila. Maji yakiingia chini ya ngozi kwa nguvu ile hubeba uchafu, sabuni na grisi, yakasambaa ndani kando ya mishipa na kano, na juu pakabaki kitundu kama cha sindano. Hakitoki damu ya kutisha, na mwanzoni hakiumi sana. Kijana mmoja wa eneo tunalofanyia kazi lilimpata kwenye kidole cha shahada. Akacheka, akafunga kitambaa, akamalizia gari. Usiku kidole kikavimba, asubuhi mkono mzima. Akapita duka la dawa, akanunua vidonge vya maumivu. Alipofika hospitali ilibidi apasuliwe mpaka kiganjani, na kipande cha kidole hakikuokoka. Hili ni jeraha la upasuaji wa haraka, linahesabiwa kwa saa. Anayepigwa na maji ya presha akapenywa ngozi apelekwe Hospitali ya Maweni saa hiyo hiyo, na amwambie daktari waziwazi kwamba ni maji ya mashine, hata kama anachoonyesha ni kitundu tu. Maneno hayo machache, Ndugu Mkurugenzi, hakuna mahali popote ambapo mwoshaji wa mji huu analazimika kuyasikia kabla ya kushika bunduki.

Kisha kuna nozo, kile kichwa cha mbele ya bunduki kinachotoa maji. Mashine nyingi zinakuja na nozo tano za rangi, na rangi hizo zinafanana kwa watengenezaji wengi: nyekundu ni nyuzi 0 za mtawanyo, maji yanatoka kama mstari mmoja, njano ni 15, kijani 25, nyeupe 40, na nyeusi ni ya kupaka sabuni kwa msukumo mdogo. Nyekundu haifai kugusa gari. Lakini ndiyo inayopendwa, kwa sababu inatoa tope haraka na ina mlio wa kazi. Mteja aliyekaa kwenye benchi akisikia ule mlio anaridhika kwamba hela yake inafanya kitu.

Uharibifu wake mwingi hauonekani siku hiyo. Noah imetoka Kasulu, mbele imejaa vumbi na wadudu. Mwoshaji anaisogelea rejeta kwa nyekundu mpaka sentimita kumi. Mapezi ya alumini ni membamba sana. Yanalala, na hewa haipiti tena inavyotakiwa. Gari linaondoka linang'aa. Wiki inayofuata likiwa limebeba abiria kwenye miinuko linachemsha. Mwenye gari anakwenda kwa fundi, fundi anabadilisha thamostati, anabadilisha pampu ya maji, na mwisho lawama anatupiwa Mjapani aliyelitengeneza. Mwoshaji hajui kama alihusika, na wala hajadanganya akisema hajui.

Tairi nalo. Miongozo ya watengenezaji wakubwa inakataza kulisogelea chini ya sentimita 30, maana ukuta wa tairi na valvu vinaweza kuumia na tairi likaja kupasuka baadaye barabarani. Kwenye bodaboda, maji ya karibu yanapita sili za beringi na kuisukuma grisi nje. Mwenye pikipiki anaanza kusikia mlio gurudumuni na kudhani kauziwa beringi bandia. Injini ikioshwa bila kufunika oltaneta na viungio vya nyaya, gari linagoma kuwaka pale pale, na hapo ndipo ugomvi unapoanzia mbele ya wateja wengine.

Nyumba ndiyo mbaya zaidi. Mji wetu una nyumba nyingi za tofali za kuchoma zilizojengwa kwa udongo katikati badala ya saruji. Ukiupiga ukuta wa namna hiyo kwa bar 150, tofali inabaki na udongo unatoka. Kwa macho ukuta umetakata. Kwa kweli umeanza kuachana. Bati nalo lina mwelekeo wake: linapishana kutoka juu kwenda chini ili mvua iteleze. Mwoshaji anayesimama chini na kurusha maji kuelekea juu anayaingiza kwenye mapishano, yanafika kwenye dari, na jipsamu ya mwenye nyumba inavimba. Anayejua kazi hasafishi paa kwa nguvu. Anapaka dawa kwa msukumo mdogo, anaiacha ifanye kazi, kisha anasuuza kwa maji mepesi. Ukungu hufa kwa dawa na muda. Na hiyo dawa, ikiwa ni ya klorini, haichanganywi kamwe na dawa ya choo yenye asidi, kwa sababu mchanganyiko huo unatoa gesi inayochoma mapafu. Hilo pia nimelikuta likifanywa, ndoo moja, kwa nia njema ya kuongeza makali.

Mapaa ya asbestosi nayataja peke yake kwa kuwa hayana mjadala. Yale mapaa ya kijivu ya majengo ya zamani hayaoshwi kwa presha, basi. Msukumo unayakwangua na kurusha nyuzi ndogo zisizoonekana, na anayezivuta anaweza kuja kuugua mapafu miaka mingi baadaye, hata saratani. Nchi kama Uingereza ilipiga marufuku matumizi yake yote mwaka 1999. Mwoshaji asiyefundishwa akipelekwa kwenye paa hilo anaona ukungu na anaona bei. Watoto wanaocheza chini yake wanapata kilichobaki.

Hatari nyingine nazipita haraka. Mashine ya petroli haiendeshwi ndani ya ghala lililofungwa, kwa sababu moshi wake una kaboni monoksidi na hiyo haina harufu ya kukuonya. Mashine ya umeme haiunganishwi kwa waya uliofungwa selotepu na kulala kwenye dimbwi. Inatakiwa erthi, na breka ya milliampea 30 inayokata umeme mara tu unapovuja. Bunduki ina teke, kwa hiyo hairushwi mtu akiwa juu ya ngazi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga. Gambuti, miwani na glavu si anasa. Kwa vijana wengi wa presha, ambao wanalipwa kwa gari na hawana mkataba hata wa mdomo ulionyooka, sheria hiyo haijawahi kufika.

Sasa nije kwenye maji yanayotoka, ambako tatizo si kukosa sheria.

Ziwa letu, Tanganyika, lina kina cha mita 1,470. Duniani linazidiwa na Baikal tu. Maji yake yana mto mmoja wa kutokea, Lukuga, upande wa Kongo, na mengi zaidi yanaondoka kwa mvuke. Kinachoingia hakina haraka ya kutoka, na mvuke haubebi oili. Mji umekaa mteremkoni. Mvua ikinyesha Mwanga, maji yanashuka na Barabara ya Lumumba kuelekea stesheni na bandari, na kila kilichomwagwa mtaroni tangu kiangazi kinashuka nayo. Halafu mamlaka ya maji inavuta maji kutoka ziwani hilo hilo, inayatibu na kuturudishia bombani. Kwa hiyo ninapozungumzia oili ya malori sizungumzii samaki peke yao, ingawa migebuka na dagaa nao wana haki ya kutajwa kwenye barua inayotoka Kigoma.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu zinazoweza kudhuru ziwa ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka kibali kwa anayetiririsha majitaka kwenye vyanzo vya maji, na bodi ya maji ya bonde letu ina ofisi hapa hapa mjini. Mwaka 2003 Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia zilitia saini mkataba wa kulisimamia ziwa hili kwa pamoja. Yote hayo yapo. Lakini ninapokwenda kuhuisha leseni yangu naulizwa jina la biashara, namba ya mlipakodi na mahali nilipo. Sijawahi kuulizwa maji yangu yanakwenda wapi.

Ningeulizwa ningejibu hivi. Maji ya kuoshea yanatakiwa yapite kwenye chemba yenye vyumba. Cha kwanza kinashika mchanga na tope. Cha pili kinaachia oili ielee, na bomba la kutokea limekunjwa kwa elbo kwenda chini ili maji ya katikati ndiyo yapite na oili ibaki juu. Kinachofuata ni shimo la kunyonya, si mtaro wa barabara. Oili inaondolewa juu, inawekwa kwenye pipa na kupelekwa panapostahili, tope linazolewa. Ni tofali, saruji, nondo kidogo na elbo za plastiki. Fundi wa kawaida anajenga. Ila chemba peke yake haitoshi, na hapa ndipo ujuzi unapohitajika: sabuni kali inaivunja oili ikachanganyika na maji, na oili iliyochanganyika haielei, inapita moja kwa moja. Kwa hiyo grisi nzito ya chini ya lori inafutwa kwanza kwa matambara au maranda ya mbao, ndipo sabuni ifuate. Ukiona mtu anaosha injini kwa dizeli na omo na kujivunia chemba mpya, ujue amejenga pambo.

Swali litakuja: je, kuna mahali popote wanapotoa leseni kwa kazi kama hii? Huna haja ya kwenda mbali kupata mfano wa namna ya kupima. Hapa nchini, anayetaka kufunga nyaya za umeme kwenye nyumba anahitaji leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na leseni hizo zina madaraja kulingana na ujuzi na ukubwa wa kazi. Hakuna anayesema mafundi umeme wananyanyaswa. Mteja anajua kwamba mwenye daraja fulani anaweza kazi fulani.

Marekani, ambako uoshaji wa presha ni biashara kubwa, majimbo mengi hayana leseni maalumu kwa kazi hii. Mtu anakata leseni ya biashara ya mji wake kama mimi. California ni tofauti kidogo: kusafisha au kuandaa kuta za majengo kwa mchanga au maji ya msukumo kuna daraja lake la leseni ya ukandarasi, D-38, na mwombaji anatakiwa awe na uzoefu wa miaka minne. Lakini hata huko kazi ndogo zimeachwa nje. Kwa miaka mingi kikomo kilikuwa dola 500, na tangu Januari 2025 kimepandishwa kufika dola 1,000. Kinachowabana wote, mwenye leseni na asiye nayo, ni Sheria ya Maji Safi ya mwaka 1972: maji machafu hayaingizwi kwenye mitaro ya mvua inayomwaga mtoni na ziwani bila kibali. Pia vyama vyao vya waoshaji vinaendesha mafunzo na kutoa vyeti bila kusubiri serikali. Sisemi tunakili. Ninachokiona pale ni kwamba mdogo kaachiwa nafasi ya kupumua kwenye karatasi, lakini hakuachiwa nafasi ya kumwaga oili.

Hapo ndipo ninapopataka. Leseni ya biashara ibaki ilivyo. Pembeni yake kiwepo cheti cha kazi kinachotolewa baada ya kupimwa kwa vitendo, na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, inao tayari utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mtu aliyejifunzia mtaani. Mafundi wengine wameshapita njia hiyo, wamepimwa wakiwa kazini na kupewa vyeti. Waoshaji tuingizwe humo humo. Kisiwe chumba chenye karatasi na kalamu. Wapo waoshaji wazuri sana hapa mjini ambao kuandika kunawapa shida, na wapo wanaoandika vizuri ambao siwapi gari langu.

Mpeni mtu mashine na nozo zote tano. Mwambieni aoshe rejeta, tairi, ukuta wa tofali na bati la rangi, mwone anachagua nini na anasimama umbali gani. Mwambieni aizime: anayejua atazima injini, atafunga maji, kisha atabonyeza bunduki kutoa msukumo uliobaki kwenye mpira wa maji kabla hajafungua kiungo chochote. Asiyejua atafungua kwanza. Mwonyesheni mpira unaovuja. Akiutafuta uvujaji kwa kiganja, arudi nyumbani akajifunze, maana hapo ndipo vidole vinapotobolewa. Mwulizeni atafanya nini mwenzake akipenywa ngozi. Mwulizeni maji yanakwenda wapi. Nusu siku inatosha, na mtapata watu ambao mnaweza kuwaamini.

Madaraja yawe mawili, yasizidi. La vyombo vya moto, na la majengo na mapaa. Aliye na la kwanza asipande paa la mtu. Anayeosha kwa ndoo na tambara asiguswe kabisa na utaratibu huu, wala asiulizwe cheti. Hana bar 200 mkononi.

Hofu ya wenzangu naifahamu, na si ya kupuuzwa. Wanasema cheti kitakuwa ukuta: mwenye mtaji atakipata, atajenga eneo la vigae na mashine ya povu, kisha kijana wa Kibirizi mwenye mashine ya kukopa ataambiwa hana sifa. Hilo linaweza kutokea, na litatokea ikiwa mtaanza na ada. Kwa hiyo mpango uanze na eneo. Vijana wengi wanafanyia kazi kwenye viwanja vya kupanga, na hakuna anayejenga chemba ya kudumu kwenye kiwanja ambacho anaweza kuondolewa mwezi ujao. Manispaa itenge maeneo mawili matatu nje ya zile mita 60, ijenge chemba kubwa ya pamoja na shimo lake, na waoshaji walipie matumizi kidogo kidogo. Kwa wanaotaka kujenga zao, ipo mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, yenye fungu la vijana asilimia 4, wanawake 4 na watu wenye ulemavu 2. Kikundi cha waoshaji kikija kuomba, kiulizwe kwanza kama chemba imo kwenye bajeti yake. Ada ya kupimwa isizidi bei ya kuosha malori mawili. Na utolewe mwaka mmoja wa watu kujipanga kabla cheti hakijawa lazima.

Usimamizi wenyewe unanitia wasiwasi kuliko ada. Niliwahi kuona mashine ya kijana ikibebwa na watu wa ofisi ambayo sitaitaja, kosa lake ni kukosa risiti ya siku hiyo. Hatua chache pembeni yake mwingine alikuwa akimwaga oili nyeusi mtaroni. Huyo hakuguswa, kwa kuwa risiti alikuwa nayo. Ikiwa cheti hiki nacho kitakaguliwa namna hiyo, ni bora msikianzishe. Mkaguzi awe mtu aliyefundishwa kutazama chemba, mpira, waya na miguu ya wafanyakazi, na afike na mmoja wetu mwenye uzoefu. Kosa la kwanza lipewe maelekezo ya maandishi na muda wa kurekebisha. Likirudiwa, cheti kisimamishwe. Mashine isibebwe, maana mashine ndiyo inayolipa deni la mkopo mliotoa wenyewe.

Mteja naye apewe mahali pa kulalamika. Cheti kiwe na namba inayosomeka, na mwoshaji apige picha kwa simu kabla na baada ya kazi ya nyumba au paa. Mimi nafanya hivyo sasa. Imeniokoa na mwenye nyumba aliyedai ufa wa zamani ni wangu, na imemwokoa mteja mwingine dhidi ya kijana wangu mwenyewe.

Kuna sehemu ambayo manispaa haihitaji sheria mpya wala kikao cha baraza. Mnatoa zabuni za usafi wa majengo, na mna magari yenu yenye namba za SM, za serikali za mitaa, ambayo lazima yaoshwe mahali. Andikeni kwenye masharti ya zabuni kwamba mwoshaji aonyeshe anavyodhibiti majitaka na aeleze atatumia msukumo gani kwenye ukuta gani. Agizeni madereva wenu waoshee magari penye chemba. Siku magari ya umma yatakapoacha kuoshwa penye mtaro wazi, wenye vituo watajenga chemba bila kusukumwa na mgambo. Tajiri wa kituo akiona Land Cruiser ya ofisi imepita kwake ikaenda kwa jirani, anauliza sababu siku hiyo hiyo.

Mimi na waoshaji wachache tuliozungumza tuko tayari kuleta mashine, nozo na tairi bovu la kuonyeshea, bila malipo, mahali mtakapochagua. Tunaomba awepo afisa biashara, afisa afya, mtu wa mazingira, mtu wa bodi ya maji ya bonde na mkufunzi kutoka VETA, na kila mmoja ashike bunduki angalau mara moja. Siku yoyote inatufaa isipokuwa Ijumaa jioni na Jumamosi, kwa sababu ya magari ya harusi.

Wako katika kazi,

Mwoshaji wa presha,
Gungu, Kigoma.

Nakala: Mkuu wa Wilaya ya Kigoma, VETA Kigoma, Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Tanganyika, NEMC (baraza la mazingira), OSHA (wakala wa usalama na afya kazini), wenyeviti wa mitaa yenye maeneo ya kuoshea magari.